Mkate Uliogongwa Mara Mbili

3 Machi, Jumapili

...na ndiyo maana nakwambia sikukosea kuolewa. Dada alipoliweka daftari hili mikononi mwangu siku ya arusi, alicheka akasema, "Mdogo wangu, mdomo wako hauna breki. Yale utakayoshindwa kumwambia mumeo, mwambie huyu." Basi Dada pole, maana hakuna ninaloshindwa kumwambia mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika neno hili mara nne kwenye jalada la ndani na bado halijanitosha.

Wiki tano leo. Huyu mtu ambaye nchi nzima inamsikia redioni kila asubuhi akieleza mambo ya uchumi, mfumuko wa bei, sijui nakisi ya nini, akifika nyumbani anazima redio ili anisikilize mimi. Mimi, niliyeishia kidato cha nne! Ananitazama usoni, anaweka kijiko chini, halafu anauliza kwa sauti ile ya chini, "Halafu?" Nikisikia hiyo "halafu" magoti yananilegea. Tangu nizaliwe watu wananiambia ninyamaze. Huyu anataka niendelee.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa letu ni la bati, kelele kama maharage yanamwagwa. Alikuwa na taarifa ya kurekodi na studio hakuwahi, basi akaingia na maikrofoni ndani ya kabati la nguo, katikati ya magauni yangu, akafunga mlango. Nimekaa kitandani namsikia akiliambia taifa habari za bei ya mafuta ya taa kutoka kabatini. Alipotoka ananukia manukato yangu. Nimecheka hadi machozi. Nampenda, nampenda, nampenda.

7 Machi

Mvua. Chai na mkate wa Dada. Nampenda.

9 Machi, Jumamosi

Leo amenisimulia alivyoanza kazi. Miaka mitatu alikuwa akisoma bei za mazao saa kumi na moja alfajiri, wakati hata kuku hawajaamka. Mahindi, mtama, ufuta. Hakuna aliyemjua. Akajisomesha jioni, akapata cheti cha uchumi, akampelekea mhariri taarifa imejaa asilimia. Mhariri akaisoma, akamrudishia. "Asilimia hazina uso," akamwambia. "Niletee mtu."

"Tangu siku hiyo," mume wangu akasema, "kila nikiona takwimu najiuliza, mtu wake yuko wapi? Na mtu bila sauti yake, redioni ni kama hayupo. Lazima asikike naye, nisikie sufuria zake, mlango wake."

Nilimwona mtukufu kabisa. Mwanamume mwingine angenisimulia mpira.

15 Machi

Maneno yangu yamekwenda hewani! Wiki iliyopita nilimwambia kwamba fundi cherehani mwenye duka hapa chini siku hizi hashoni sare mpya, anageuza tu kola zilizochakaa, upande wa ndani unakuja nje. Leo asubuhi kwenye kipindi: "Yuko fundi mmoja ambaye kazi yake kubwa sasa ni kugeuza kola..." Niliruka nikapiga makofi peke yangu jikoni.

Nimeshuka dukani kwa fundi kupeleka shuka. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Mama Mfumuko," akasema, maana mtaani wamembandika mume wangu jina la Bwana Mfumuko, "mumeo amejuaje habari za kola zangu?"

"Ana macho."

"Ana macho, eti. Hajawahi hata kuingia humu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Watu wengine hawajui kufurahia sifa.

22 Machi, Ijumaa

Nimekwenda kwa Dada. Mvua imegeuza njia yake tope tupu, viatu nilivibeba mkononi.

Nikueleze kuhusu Dada, daftari, maana wewe ni zawadi yake. Mama alipofariki Dada alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule, akajifunza kuoka kwa jirani, akajenga tanuri uani kwa matofali ya kuokota. Mkate ule ndio ulionisomesha. Keki ya arusi yangu aliioka yeye, siku mbili bila kulala vizuri. Na ana mtindo wake: mkate ukitoka tanurini anaupindua, anaugonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, ko, ko, anausikiliza kama daktari, kisha anauambia, "Nenda mwanangu, dunia inakungoja." Wateja humwigiza. Hata watoto wanaopita dirishani kwake huugonga ukuta, ko, ko, wakakimbia.

Leo aliugonga mkate akanyamaza. Akaniambia nifunge mlango.

"Unga umepanda mara tatu tangu mwaka uanze," akasema. "Nikipandisha bei, shule inachukua mkate wa kiwandani kesho yake. Shule ikiondoka, mdogo wangu, nimekwisha. Nimepunguza donge. Gramu arobaini kila mkate. Unga ukishuka nitazirudisha, haki ya Mungu. Lakini silali."

Dada yangu! Ambaye akikukosesha chenji anakufuata na mvua.

"Usimwambie mtu. Hata kivuli chako."

Nimeapa.

23 Machi

Nimemwambia.

Sikukusudia. Aliniona nimepoa, akaniuliza, "Nani kamuudhi bibi arusi wangu?" akanishika vidole kimoja kimoja, na ikatoka yote, gramu arobaini, shule, kukosa usingizi. Hakuuliza "halafu". Alinibusu kipajini. "Siri ya dada yako ni siri yangu." Nimejisikia mwepesi. Mume si mtu wa nje, au vipi? Mume na mke ni kitu kimoja. Dada akijua ataelewa.

30 Machi, Jumamosi

Siku nzuri kuliko zote tangu arusi!

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende kwa Dada. Amechukua kinasa sauti chake kidogo. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, akaniambia: "Nataka tuwe na sauti za familia. Siku moja watoto wetu wamsikie mama yao mkubwa akioka." Nililia palepale barabarani. Mwanamume anawafikiria watoto ambao hata hawajatungwa!

Dada alipokiona kile kinasa sauti akarudi nyuma. "Shemeji, hilo dude linang'ata?"

"Linang'ata wanaotia chumvi nyingi tu."

"Basi mimi limenikosa, siku hizi hata chumvi napima."

Wakacheka. Akarekodi moto, akarekodi mikono ikikanda, akasogeza mashine karibu kabisa na mkate. Ko, ko. Nenda mwanangu, dunia inakungoja. Uso wa mume wangu ulikuwa kama wa mtu anayeswali. Kisha akauliza taratibu, "Kazi ngumu siku hizi, shemeji? Mpaka mtu anafikiria kupunguza donge?"

Dada akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, nikatabasamu, kama kumwambia huyu ni wetu, sema tu. Naye akasema yote. Mwishoni akajifuta macho kwa aproni, na unga ukambaki kwenye kope. "Afadhali nimetua mzigo," akasema.

Familia yangu! Nyumbani nimemkumbatia mume wangu hadi akasema nitamvunja mbavu.

2 Aprili

Mvua. Yuko kabatini.

5 Aprili

Mvua. Kabatini tena, hedifoni masikioni, anatabasamu peke yake. Nimempelekea chai, akaifunika karatasi yake kwa mkono. Labda ananiandalia zawadi ya miezi mitatu ya ndoa.

8 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki.

12 Aprili, Ijumaa

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa mbili kasoro asubuhi nilikuwa kwa fundi kuchukua shuka. Redio yake iko wazi siku zote. Kikaja kipindi chetu, nikamwambia fundi, "Ongeza sauti, mume wangu huyo." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Ikaanza kwa moto. Kuni zikipasuka. Nikawaza, mbona moto huu naujua? Kisha sauti ya mume wangu, nzuri, ya kubembeleza: "Kuna mfumuko wa bei ambao hauonekani kwenye bei. Uko kwenye mizani." Kisha mwanamke akasema, lakini sauti yake ilikuwa imefanywa nzito, kama mtu anazungumza ndani ya pipa. "Nimepunguza donge. Gramu arobaini kila mkate." Nikajiambia si yeye. Waokaji wako wengi. Nilishika ukingo wa meza ya fundi, nikajiambia si yeye, si yeye.

Halafu: ko, ko.

Ile hakuibadilisha. Ilikuwa safi, karibu, kama mkate uko pale mezani. Na ile sauti ya pipa ikasema, "Nenda mwanangu, dunia inakungoja."

Cherehani ikasimama. Fundi akanitazama juu ya miwani.

"Huyu si dada yako?"

Nje, mwanamke aliyekuwa anapita na mwavuli alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Mwenzangu, umesikia? Yule mwokaji wetu!" Mtaa mzima unafungua redio saa ile. Unaifungua kwa ajili ya mume wangu.

Alirudi jioni amelowa, na uso unang'aa. Mhariri amemkumbatia mbele ya chumba chote cha habari. Kituo kingine kimeomba kuirudia. Aliponiona nimekaa bila kuwasha jiko akaanza mwenyewe, "Sikumtaja jina. Sikutaja mtaa. Nilibadilisha sauti, saa nzima nimeibadilisha!"

"Na kule kugonga?"

"Kugonga?"

"Ko, ko. Na 'nenda mwanangu'. Mtoto wa miaka minne anajua ni nani."

Naapa hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameficha koo la Dada na kuuacha mkono wake, kwa sababu mkono ule ulimvutia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni: "Ile ndiyo roho ya taarifa, mpenzi. Bila ile ni asilimia tu."

"Uliniambia ni sauti za watoto wetu."

"Na watakuja kuisikiliza," akasema. "Watajivunia."

15 Aprili, Jumatatu

Leo afisa wa vipimo alikwenda kwa Dada na mizani ya serikali. Fundi ndiye aliyeniambia. Mkate wa kwanza, pungufu. Wa pili, pungufu. Tanuri limepigwa kufuli. Shule ilishaleta barua asubuhi ileile. Watu walisimama kwenye mvua kutazama, na mmoja akaugonga mlango, ko, ko, wote wakaangua kicheko.

Saa kumi simu ikalia. Dada. Nilitamani anitukane.

"Nina swali moja," akasema. "Ulijua?"

"Sikujua, Dada. Wallahi sikujua kama atatangaza."

"Sawa." Nikasikia mvua upande wake. "Basi alijuaje la kuniuliza?"

Mdomo wangu usio na breki. Leo tu ndipo ulipofunga breki.

"Nilipokutazama ulitikisa kichwa," akasema. "Nikadhani mdogo wangu ananilinda." Akakata.

18 Aprili

Nimempigia mara sita. Mvua.

19 Aprili

Mara nne.

20 Aprili

Hapokei.

24 Aprili, Jumatano

Mume wangu amepanda cheo. Kipindi cha uchumi cha jioni sasa ni chake, nusu saa nzima, na jina lake litatajwa mwanzoni na mwishoni. Ni ndoto ya maisha yake, alinisimulia tukiwa wachumba, na mimi nilimwombea dua kwa ajili hiyo. Amenibeba akanizungusha chumba kizima. Niseme kweli, daftari, maana wewe huna pa kwenda kunitangaza: kwa sekunde moja hivi mikono yangu ilimshika shingoni yenyewe. Ananukia vilevile. Hilo ndilo linaloniua.

27 Aprili, Jumamosi

Nilikuwa natafuta kalamu kwenye mkoba wake wa kazi nikakuta daftari lake. La kwangu anajua liko wapi na hajawahi kulifungua, nilidhani ni heshima. Kumbe alikwishasikia yote.

Kila ukurasa una tarehe. Nikatafuta siku tuliyokutana, kwenye foleni ya unga. Ipo. "Msichana, mcheshi, anazungumza sana. Dada mwokaji. Rudi kwake." Akarudi. Mimi nilidhani alirudi kwa ajili ya macho yangu.

Nikafungua siku ya arusi yetu. Nilitaka hata neno moja. Liko jambo moja limeandikwa, kwa kalamu nyekundu: "Keki. Mayai na sukari vimepanda. Mwulize mwokaji."

Nimelirudisha mahali pake. Kalamu sikupata.

28 Aprili

Labda alinipenda pia. Inawezekana mtu akafanya yote mawili. Nimekaa na wazo hilo siku nzima na halijanisaidia chochote.

3 Mei

Mvua imepungua. Kipindi kipya cha jioni kimeanza. Leo alikuwa anamhoji mzee mmoja mshona viatu, na mzee akasita. Mume wangu akasubiri, kisha kwa ile sauti ya chini, ileile kabisa, akamwambia, "Halafu?"

Mzee akamwaga kila kitu.

Nimezima redio. Magoti yangu hayakulegea.

9 Mei, Alhamisi

Sijawahi kumpandishia mume wangu sauti kabla ya leo.

Alikuja na maua, ya dukani, yamefungwa nailoni. Akavua viatu, akakaa karibu nami, akanishika vidole kimoja kimoja.

"Mhariri anataka mwendelezo," akasema. "Mwokaji baada ya tanuri kufungwa. Watu wanauliza amefikia wapi. Inaweza hata kumsaidia, ujue, shule inaweza kumrudia. Ila simu yangu hapokei. Wewe ni damu yake. Utamwomba?"

"Simu yangu pia hapokei."

"Basi twende. Akikuona wewe atafungua mlango."

Hapo nikasimama. "Nina mwendelezo mzuri zaidi. Washa kinasa chako. Sema hewani, kwa sauti yako, usiibadilishe: yule mwokaji ni shemeji yangu. Nilimdanganya kwamba namrekodi kwa ajili ya watoto. Mke wangu alinipa siri yake kitandani, nikaipeleka kazini."

Unajua alifanya nini? Alilifikiria. Nilimwona akilipima, kichwa kimeinama upande, kama anavyopima kila kitu. Kisha akacheka kidogo, kwa upole.

"Hiyo si habari ya uchumi, mpenzi."

Nikapiga kelele nisiyojua ninayo. Nilimwambia Dada aliacha shule ili mimi nimalize, kwamba mkate ule ambao yeye aliuuza kwa taifa zima ndio ulioninunulia sare na kalamu. Nilimwambia mimi si foleni ya unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, macho usoni pangu. Anajua kusikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilipoona mkono wake unatambaa kuelekea mkobani nikanyamaza.

"Nachukua leso tu," akasema. Na kweli ilikuwa leso. Lakini sikumwamini, na nadhani mambo yote mawili tuliyaona kwa pamoja.

11 Mei

Amelala sebuleni. Hakuna mvua.

14 Mei

Fundi ameniambia Dada amefunguliwa kufuli. Amenunua mizani mpya, ameiweka dirishani, imeelekea barabarani, mteja anapima mwenyewe kabla ya kununua. Anauza mikate michache. Msaidizi wake ameacha kazi, anakanda peke yake. "Na haugongi tena," fundi akasema. "Anautoa, anaupanga, basi."

Nimekaa kwenye ngazi ya fundi nikalia kama mtoto. Naye, ambaye kola zake nilizitangaza kabla ya mkate wa Dada, akanisogezea kipande cha kitambaa bila neno.

"Nisamehe za kola," nikasema.

"Ulichelewa," akasema. "Lakini umefika."

17 Mei, Ijumaa

Jua kali tangu asubuhi. Shuka zimekauka kwa saa moja.

Amerudi mapema leo. Amekaa mezani, ameweka kijiko chini, ameniuliza, "Mtaani kuna nini siku hizi?"

Nilikuwa nayo mengi. Sikuzote ninayo mengi.

"Mvua imekatika," nikasema.

Akasubiri. Nikamwona anaitafuta ile "halafu", ikafika mdomoni, akaimeza. Nilimmiminia chai. Sijui ndoa ya namna hii inaitwaje, na sijui itakuwaje. Hilo litangoja. Liko jingine mbele yake.

18 Mei, Jumamosi

Nimemwandikia Dada. Fundi atampelekea, maana anakwenda kumpimia aproni. Nanakili hapa, kwa kuwa daftari hili alininunulia yeye.

"Dada yangu mpendwa. Uliniuliza alijuaje la kukuuliza nikanyamaza. Nilimwambia mimi, siku iliyofuata baada ya kuapa. Hakunilazimisha, hakunilewesha. Alinisikiliza tu, na mimi nilidhani kusikilizwa ni kupendwa. Kinasa sauti sikukijua, lakini mlango niliufungua mimi, na kichwa nilitikisa mimi. Sikuombi unipokelee simu. Nasikia unakanda peke yako. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha, siku ya kazi, saa ile ya alfajiri unayoanza. Nitakuja peke yangu, na simu nitaiacha nyumbani. Kama hutaki kusema nami usiseme, nionyeshe tu pipa la unga liko wapi siku hizi. Nitakanda na nitapima kila donge. Ila mkate wa kwanza ukitoka, Dada, nakuomba uugonge. Hata mara moja. Nakuja kabla mwezi haujaisha."